Sura ya Tano: Dawa Kutoka Bohari Hadi Kitandani

Katika hospitali kubwa za Bujumbura, kama ilivyo katika hospitali nyingi za nchi zetu za Maziwa Makuu, kitu cha kwanza kuanza safari kwa ajili ya mgonjwa si dawa bali ni karatasi. Tabibu huja asubuhi na wanafunzi wake nyuma yake, hupita kitanda kwa kitanda, husikiliza kifua, hubonyeza tumbo, hutafakari, kisha huandika. Na karatasi ile ikiisha kutiwa sahihi hutiwa mkononi mwa jamaa amwuguzaye mgonjwa, ambaye aghalabu ni mama, dada au shangazi aliyelala sakafuni juu ya mkeka usiku kucha. Huyo huvuka ua, huuliza njia, husimama safu mbele ya dirisha la mpokea fedha, hulipa au huonyesha kadi yake, hupewa stakabadhi, husimama safu ya pili mbele ya dirisha la famasi, na bahati ikimwendea hurudi wodini na dawa kabla jua halijawa kali. Isipomwendea, hurudishiwa karatasi ile ile, imepigwa mstari chini ya jina la dawa iliyokosekana.

"Mama, hii hatuna. Jaribu famasi za mjini."

"Haya, muganga."

Na hapo ndipo safari ya pili inapoanza, nje ya lango, katika mji ambao mama yule huenda amefika jana kutoka mlimani na haujui.

Sura zilizotangulia zilieleza safari ndefu ya dawa: jinsi inavyotoka viwandani Uhindi na Uchina, inavyoshuka katika bandari ya Dar es Salaam, inavyopandishwa bara kwa malori hadi mpaka wa Kobero au kwa reli hadi Kigoma na kuvushwa Ziwa Tanganyika, tukaona jinsi CAMEBU, bohari kuu ya ununuzi wa dawa muhimu nchini Burundi, inavyoipokea na kuiuza kwa hospitali na kwa wilaya za afya. Sura hii yahusu safari iliyo fupi kuliko zote hizo, ya kutoka mlango wa bohari ya hospitali hadi kinywani au mshipani mwa mgonjwa. Mwendo wa hatua mia mbili au tatu, ambao waandishi wa mipango huuruka kwa sentensi moja kana kwamba dawa ikiisha kuingia langoni imekwisha kumfikia mwenye kuihitaji. Rai yangu, ambayo sitaiweka akiba mpaka mwisho, ni kwamba hatua hizo ni sehemu ya matibabu yenyewe kama kisu kilivyo sehemu ya upasuaji, na hospitali inayomwachia jamaa wa mgonjwa azitembee kwa miguu yake na kwa mfuko wake imeiacha nusu ya kazi yake mikononi mwa mtu asiyefunzwa, asiyelipwa, na aliyeelemewa na huzuni.

Watu wa zama za kale hawakuwa na mashaka juu ya jambo hili. Sultani al-Mansur Qalawun alipojenga maristani yake, yaani hospitali, mjini Kairo mnamo mwaka 1284, aliyaweka wakfu mapato ya kuigharimia, na sharti lake lilikuwa kwamba apokewe tajiri na fakiri, mwanamume na mwanamke, atibiwe mpaka apone. Na ndani ya jengo lile mlikuwa na hazina ya dawa na sharabu yenye watu wake mahususi, ambao kazi yao ilikuwa kutayarisha kile tabibu alichokiamuru. Nje ya hospitali, katika miji mingi ya Kiislamu ya wakati ule, muhtasibu, yaani mkaguzi wa masoko, alikuwa na idhini ya kuingia katika maduka ya wauza dawa na kukagua sharabu na marhamu zao, maana ilijulikana tangu hapo kwamba mgonjwa ni mnunuzi dhaifu kuliko wanunuzi wote: hawezi kuonja, hawezi kulinganisha, wala hawezi kungoja.

Bujumbura ina hospitali kadhaa za kutajwa. Ipo Prince Régent Charles, yenye kubeba mpaka leo jina la mwanamfalme aliyeshika utawala wa Ubelgiji kwa niaba ya nduguye kuanzia 1944 hadi 1950, wakati Burundi ikiwa chini ya Wabelgiji. Ipo Kamenge, upande wa kaskazini mwa mji, hospitali ya chuo kikuu, iliyopata msaada wa Saudia na ambayo wenyeji wengi wangali wakiiita Roi Khaled kwa jina la mfalme wa nchi ile. Ipo kliniki ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa mwezi Oktoba 1961. Ipo na hospitali ya kijeshi. Desturi zao hazifanani katika kila jambo, wala sikusudii kuhukumu moja na kuisifu nyingine. Nitakayoyaeleza ni mwenendo wa jumla ambao yeyote aliyemwuguza jamaa yake katika mji huu, au katika Goma, Kigoma au Mombasa, ataujua mara moja.

Kwa kawaida hospitali huwa na bohari na huwa na famasi. Bohari ni chumba cha maboksi, chenye kadi kwa kila dawa, na kila kilichoingia na kilichotoka sharti kiandikwe katika kadi hiyo pamoja na tarehe ya mwisho ya kutumika. Kanuni ya bohari ni kwamba dawa itakayoharibika mwanzo hutoka mwanzo, ijapokuwa ndiyo iliyoletwa jana. Famasi ni lile dirisha lenye nondo ambapo dawa hutoka kidogo kidogo kwa jina la mtu. Kati ya bohari na famasi mambo huenda kwa taratibu inayoweza kukaguliwa, kwa kuwa anayetoa na anayepokea wote wawili ni watumishi wa hospitali na wote wawili hutia sahihi. Ni baada ya dirisha lile ndipo daftari linapokoma, na ulimwengu wa hisani, haraka na kumbukumbu za kichwani unapoanza.

Njia kongwe ya kuifikisha dawa wodini ni kabati. Mkuu wa wauguzi wa wodi huandika hati ya mahitaji, mathalani mara moja kwa juma: makopo ya parasetamoli, maboksi ya ampisilini, chupa za dripu, glovu, pamba, sindano. Bohari humpa awezacho kumpa, naye hukifungia katika kabati la wodi, na tangu hapo kila muuguzi wa zamu huchota humo kadiri ya maagizo ya tabibu. Njia hii ina fadhila moja kubwa ambayo haifai kudharauliwa, nayo ni wepesi: mgonjwa akizidiwa saa tisa za usiku, dawa i hapo, hatua kumi kutoka kitandani. Walakini kabati halina macho. Halijui nani alipewa nini. Halijui kama vidonge vilivyopungua vilimezwa na wagonjwa au vilitoka na mtu katika mfuko wa koti. Halijui kwamba nyuma kabisa ya tabaka la chini pana vichupa vilivyokwisha muda wake tangu msimu wa mvua uliopita. Serikali nyingi zimejaribu kuziba mwanya huu kwa alama. Tanzania, ambayo Bohari yake ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, imezoea kuzitia dawa za umma herufi za serikali ili zikionekana dukani zijulikane zilikotoka. Alama husaidia kumkamata mwizi; haimsaidii mgonjwa aliyekwisha kuikosa dozi ya usiku.

Njia ya pili ni ile niliyoanza nayo, ya karatasi kwa jina la mgonjwa. Kwa nadharia ni bora kuliko kabati, maana mfamasia huliona agizo zima, aweza kugundua kwamba dawa mbili hazipatani au kwamba kipimo ni cha mtu mzima ilhali mwenye kuandikiwa ni mtoto, na kila kidonge hutoka kwa hesabu. Lakini hesabu ile huishia mkononi mwa mwuguzaji. Yeye ndiye aliyegeuka kuwa mchukuzi, mhazini na mtunza ghala: dawa huwekwa katika mfuko wa nailoni chini ya mto au ndani ya kapu la chakula, pamoja na sufuria ya maharage aliyoileta ndugu kutoka mtaa wa Buyenzi, kwa kuwa chakula nacho, katika hospitali zetu nyingi, huletwa na jamaa. Saa ya dawa ikifika muuguzi husema, "Mama, leta dawa za mtoto," naye mama hufungua mfuko. Akiwa amekwenda kufua, au kutafuta fedha, au amesinzia kwa uchovu usioelezeka, saa hupita.

Kuna jambo jingine la Burundi ambalo wageni hawalitambui upesi. Si lazima Mrundi achukue jina la babaye. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa, na wakati huo huo majina kama Niyonzima, Ndayishimiye na Niyonkuru ni ya watu maelfu kwa maelfu. Wodi moja inaweza kuwa na akina Ndayishimiye watatu, wawili kati yao wakiwa na jina moja la ubatizo, na wote wakiugua malaria. Msimu wa malaria ukipamba moto na watoto wakalazwa wawili katika kitanda kimoja, hata nambari ya kitanda haitoi yakini. Wauguzi wote hufundishwa kwamba sharti wahakikishe mgonjwa ni yule, dawa ni ile, kipimo ni kile, njia ni ile na wakati ni ule. Lakini muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini, akiwa na daftari moja lililonakiliwa kwa mkono kutoka karatasi za tabibu, anatakiwa aibebe yakini hiyo kichwani mwake zamu nzima. Anapokosea, watu husema amezembea. Mimi nasema amepewa kazi ambayo kichwa cha mwanadamu hakikuumbwa kuifanya.

Hapana budi kusema habari za fedha, maana katika Burundi njia ya dawa na njia ya fedha zimefungamana kiasi cha kutotenganishika. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999, na ijapokuwa dawa hazikukusudiwa kuwa shabaha ya vikwazo vile, kila kisafirishwacho kilipata tabu. Vita viliendelea, hazina ya serikali ilikuwa kavu, na tangu mwaka 2002 hospitali na zahanati ziliagizwa zijitegemee kwa malipo ya wagonjwa. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walieleza katika ripoti yao ya mwaka 2004 jinsi malipo hayo yalivyowafukuza mafukara mlangoni. Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch, pamoja na chama cha haki za wafungwa cha Burundi, APRODH, walichapisha habari iliyowashtua wengi: wagonjwa waliokwisha kupona, miongoni mwao kina mama na watoto wachanga, walikuwa wakizuiliwa hospitalini kwa majuma na hata miezi, kwa kuwa hawakuweza kulipa ankara. Aliyezuiliwa hivyo, akiugua tena humo ndani, hakuwa na haki ya dawa mpya, maana deni la kwanza lilikuwa bado.

Miezi michache kabla ya ripoti hiyo, tarehe 1 Mei 2006, siku ya wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ametangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watatibiwa bure na kina mama watajifungua bure. Ilikuwa amri ya rehema, na sitaki mtu aelewe vinginevyo. Lakini ilishuka ghafla juu ya bohari zilizokuwa na akiba ya wanaolipa, si akiba ya wote wanaougua. Watu wakaja kwa wingi, rafu zikabaki tupu, na hospitali, ambazo zilipaswa kununua dawa kwanza na kurejeshewa fedha baadaye, zikawa zinangoja marejesho hayo huku wauzaji wakingoja madeni yao. Mwaka 2010 msamaha huo uliunganishwa na mpango wa kuzilipa hospitali kwa kadiri ya kazi zilizofanyika na ubora uliokaguliwa, na mambo yakapata nidhamu zaidi. Hata hivyo desturi ya karatasi ilibaki. Dawa ambayo kisheria ni ya bure, ikiwa haimo katika famasi ya hospitali, huandikwa katika karatasi na kununuliwa nje kwa fedha taslimu, na bure ile hugeuka kuwa neno tu. Miaka hii ya karibuni, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na petroli ikawa ya kupangiwa foleni, mama aliyetumwa mjini na karatasi hupata tabu mara mbili: famasi anazozipitia nazo hazina, na gari la kumfikisha famasi nyingine halipatikani.

Fauka ya hayo, dawa iliyonunuliwa nje huingia wodini bila kupita mbele ya jicho la mfamasia wa hospitali. Burundi sasa ina mamlaka yake ya kusimamia dawa na vyakula, ABREMA, na ni jambo jema. Lakini mamlaka haiwezi kusimama nyuma ya kila mwuguzaji anayenunua vichupa viwili jioni kwa muuzaji asiyemjua.

Yafaa sasa tuitazame dawa moja kwa karibu, ili msomaji aone kwa nini saa na mikono vina uzito mkubwa hivi. Mtoto wa kilo 15 analetwa saa mbili usiku, ana malaria kali, amepata degedege, hawezi kumeza. Kwa miaka mingi angepewa kwinini mshipani. Siku hizi hupewa atesunati ya sindano. Mwaka 2010 majaribio makubwa yaliyowahusu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, yalithibitisha kwamba atesunati ilipunguza vifo kwa takriban asilimia 22 ikilinganishwa na kwinini. Na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Dawa hii huja katika kichupa chenye unga wa miligramu 60. Muuguzi hutia humo mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, hutikisa mpaka maji yawe angavu kabisa, kisha huongeza mililita 5 za maji ya chumvi; sasa ana mililita 6, na katika kila mililita mna miligramu 10. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa hiyo huyu atahitaji miligramu 45, yaani mililita 4 na nusu, zisukumwe mshipani taratibu. Kilichobaki humwagwa, kwa kuwa dawa hiyo ikiisha kuchanganywa sharti itumike ndani ya saa moja.

Sindano ya pili ni saa mbili asubuhi, ya tatu ni saa mbili usiku, ndipo ikiwa mtoto ameweza kumeza apewe dawa mseto ya vidonge kwa siku 3. Ndiyo kusema kwamba kwa saa 24 za mwanzo pahitajika vichupa vitatu pamoja na maji yake ya kuyeyushia, mabomba ya sindano, na mtu wa kupiga hesabu ya uzani bila kukosea, mara tatu, mbili kati yake ikiwa ni usiku. Mwondoe mtu mmoja katika mnyororo huu: famasi imefungwa, mwenye ufunguo wa bohari amekwenda nyumbani Musaga, kichupa kipo lakini baikaboneti haipo, mama ametumwa mjini na hajarudi. Kitabu cha hospitali kitaandika kwamba mtoto alitibiwa kwa atesunati. Kitakuwa kimeandika kweli, na mtoto atakuwa amepata sindano yake ya pili saa nane mchana.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 wafamasia wa Marekani, na mashuhuri miongoni mwao Kenneth Barker, walifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla yake kwa utaratibu wa kitaalamu: walisimama pembeni mwa wauguzi wakatazama kila dozi inayotolewa, wakailinganisha na agizo la tabibu. Makosa waliyoyaona yalikuwa mengi mno kupita yale yaliyokuwa yakiandikwa katika taarifa za hospitali, na sababu haikuwa uovu wala uvivu. Muuguzi hakujua kwamba amekosea. Kutokana na kazi hizo, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Arkansas na kwingineko, ikazaliwa njia ya tatu: dozi tayari. Kwa njia hii famasi haitoi kopo wala boksi. Hutoa kila dozi peke yake, imekwisha kupimwa, imeandikwa jina la mgonjwa, dawa, kipimo na saa, na hupeleka wodini dozi za saa 24 tu katika kisanduku cha kila mgonjwa. Muuguzi hubakiwa na kazi ya kuhakikisha na kumpa. Dozi ambayo haikutumika hurudi famasi, na kurudi kwake ni habari: je, mgonjwa alikataa, alitapika, alihamishwa, au alisahauliwa?

Watu wakisikia habari hizi hudhani ni mambo ya mashine, kwa kuwa hospitali za nchi tajiri siku hizi zina makabati yafunguliwayo kwa kidole na alama za mistari zisomwazo kwa mwanga. Hasha. Njia hiyo ilibuniwa na kuthibitishwa kabla ya mashine hizo. Inachohitaji ni bahasha ndogo za karatasi, kalamu, trei yenye vyumba, kigari chenye magurudumu manne na kufuli, na zaidi ya vyote watu wa famasi waliokubali kutoka nyuma ya nondo wakaingia wodini. Gharama yake kubwa ni mishahara. Faida yake ni kwamba dawa haziishi kabatini, hazilali chini ya mto, wala hazinunuliwi kwa kopo zima ilhali mgonjwa atatumia vidonge sita. Na hospitali iliyoijua hesabu yake ya kila siku huweza kuiambia bohari kuu mapema kwamba akiba itakwisha siku kadhaa zijazo, badala ya kugundua siku ile ile imekwisha.

Wapo watakaosema jambo hilo haliwezekani Bujumbura. Jibu langu ni kwamba limekwisha kuwezekana, ila kwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1993, mwaka ambao nchi iliingia katika vita, Jeanne Gapiya-Niyonzima pamoja na wenzake walianzisha chama cha ANSS cha kuwasaidia watu wenye virusi vya ukimwi, na baadaye kituo chake cha Turiho kikawa mahali ambapo mgonjwa hupata ushauri, vipimo na dawa chini ya paa moja. Dawa za ukimwi, hapo na katika hospitali za serikali, hutolewa bure kwa jina na nambari ya mtu, kwa hesabu ya siku mpaka siku ya kurudi, na asiporudi huulizwa. Hakuna anayemtuma mgonjwa huyo mjini na karatasi. Watumishi ni Warundi wale wale, umeme ni ule ule, foleni za petroli ni zile zile. Tofauti iliyopo ni kwamba wafadhili waliotoa fedha walitaka kujua kila kidonge kimemezwa na nani, na daftari likaundwa la kulijibu swali hilo. Mtoto mwenye malaria na mama mwenye kutoka damu hawajapata wa kuwaulizia kwa ukali huo.

Kwa mama anayetoka damu baada ya kuzaa, dawa ya kwanza ni oksitosini, na oksitosini huharibika kwa joto. Sharti ikae katika nyuzi 2 hadi 8. Bujumbura ni mji wa kando ya ziwa, na joto lake la mchana ni zito, na umeme hukatika. Friji ya wodi ya wazazi basi ni chombo cha kuokoa roho kama kilivyo kitanda cha kuzalia, na bado nimeona mahali pengi friji ya dawa ikiwa ndiyo friji ya maji ya kunywa ya watumishi, ikifunguliwa na kufungwa kutwa nzima.

Mofini nayo ina mkasa wake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 uliitia chini ya ulinzi, na hospitali huitunza katika kabati la kufuli mbili, vichupa vitupu vikirudishwa kwa hesabu. Ulinzi huo ni wa haki, lakini mara nyingi umezidi kipimo mpaka dawa ikalindwa isimfikie hata anayekufa kwa maumivu. Jirani zetu wa Uganda walilitatua jambo hili kwa busara: tangu kazi ya Anne Merriman na Hospice Africa Uganda iliyoanza 1993, mofini ya kunywa hutengenezwa humo humo nchini, na tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa wana idhini ya kuiandika.

Yabaki maneno juu ya siku ya kuruhusiwa. Mgonjwa hupewa dawa za kwenda nazo nyumbani, na juu ya bahasha huandikwa kwa Kifaransa, au huchorwa vistari na misalaba, idadi na nyakati. Mzee wa Buyenzi asomaye Kiswahili, na mama wa Kinama asomaye Kirundi au asiyesoma kabisa, huondoka na maelezo yaliyosemwa haraka mara moja dirishani huku watu ishirini wakisukumana nyuma yake. Kuandika kwa Kirundi au Kiswahili hakugharimu zaidi ya wino ule ule. Kumwambia mgonjwa aseme mwenyewe jinsi atakavyokunywa dawa, kabla hajaondoka, kunagharimu dakika mbili. Nashangaa kila mara kuona mambo mawili rahisi hivi yakiwa adimu kuliko dawa zenyewe.

Lau ningeulizwa na mkurugenzi wa hospitali yoyote ya mji huu aanzie wapi, nisingemshauri abadilishe kila kitu kwa mkupuo, maana hospitali iliyojaa wagonjwa haifungwi ili ipangwe upya. Ningemwambia aanze na wodi ya watoto, na dawa chache: atesunati, antibiotiki za sindano mbili au tatu, dawa ya degedege, maji ya mshipani. Kila mtoto avishwe utepe mkononi wenye jina lake, jina la mama yake na nambari yake ya kulazwa, kwa sababu ya akina Ndayishimiye watatu. Vichupa vya saa 24 vitayarishwe famasi katika mfuko mmoja kwa kila mtoto, pamoja na baikaboneti yake na mabomba yake, kipimo kikiwa kimekwisha kupigwa hesabu na kuandikwa kwa mililita. Dawa ikikosekana, anayetumwa kuitafuta awe mtumishi wa hospitali mwenye pikipiki na hati, na deni liwe la hospitali. Mama abaki na mwanawe. Na iwapo bajeti ya mwaka inaruhusu kuajiri mfamasia msaidizi mmoja tu wa kuongeza, basi huyo asiwekwe dirishani mchana, ambako tayari wapo wenzake watatu. Apewe ufunguo wa bohari na zamu ya usiku.